Amekopa mmoja, wametumiwa ujumbe wote: jinsi mikopo ya simu inavyosoma majina yetu

Ujumbe uliingia saa moja asubuhi, taarifa ya habari ikiwa bado hewani. Ulikwenda kwenye simu ya fundi mitambo wetu. Ulimtaja kwa jina mwanamke mmoja anayeuza mboga sokoni Mafiga, ukaweka na namba yake, ukasema ni tapeli anayekimbia deni. Kisha ukamwambia fundi wetu kwamba yeye ndiye mdhamini, na ana saa 24 za kumshauri mdaiwa wake alipe.

Fundi wetu hajawahi kumdhamini mtu. Mama huyo anamfahamu kwa kununua kwake mchicha na nyanya chungu, na namba yake alimpa siku moja ili amshtue karoti za Mgeta zikishuka. Basi.

Tulipofika sokoni tukamkuta amekaa nyuma ya meza yake, simu imezimwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Na nyie mmetumiwa?"

Walikuwa wametumiwa wengi. Mama mkwe wake kule Matombo. Mwalimu wa darasa wa mtoto. Mwenyekiti wa kikundi chao cha VICOBA. Mteja wa Dar es Salaam anayechukua kwake kabichi kila wiki. Hata fundi bomba aliyemtengenezea koki mwaka juzi, ambaye alipiga simu kuuliza kama ni kweli. Mama aliomba mkopo wa shilingi 50,000 kupitia programu ya simu aliyotumiwa linki yake kwenye kundi la WhatsApp. Kilichoingia kwenye simu ni 35,000, kwa maelezo kwamba nyingine ni "ada ya huduma". Baada ya siku saba alitakiwa kurudisha 50,000 kamili. Siku ya nane, saa kumi na mbili asubuhi, jumbe zikaanza kumiminika.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu watu wengi huishia kutazama ile elfu hamsini na kuona riba haipo. Fedha aliyoishika mkononi ni 35,000. Ziada anayolipa ni 15,000, karibu asilimia 43 ya alichopokea, kwa wiki moja tu. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, ambao ndio kundi la wakopeshaji wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mtaji uleule wa 35,000 hiyo ni shilingi 1,225, na una mwezi mzima. Mitaani mikopo ya aina hii huitwa kausha damu, na jina hilo halikutoka kwa mtu aliyekuwa anatania.

Riba tumeizungumza mara nyingi hewani na tutaizungumza tena. Leo tunataka kukaa kwenye jambo la pili, ambalo tunaona linapita kimyakimya: imekuwaje kampuni ambayo mama huyu hajawahi kuiona ofisi yake ikajua jina la mama mkwe wake?

Haikuibiwa simu wala hakuna aliyevunja mfumo wowote. Mlango ulifunguliwa kwa kidole, kwa kubonyeza neno "Ruhusu".

Kwenye simu za Android, kila programu inaishi chumbani kwake. Haiwezi kuingia chumba cha majina, cha ujumbe mfupi, cha picha au cha mahali ulipo bila kubisha hodi. Kile kidirisha kinachojitokeza na kuuliza kama unaruhusu ndiyo hodi yenyewe. Utaratibu huu wa kubisha hodi chumba kimoja kimoja ulianza na Android 6, mwaka 2015. Kabla ya hapo ulikubali kila kitu kwa mkupuo mmoja wakati wa kupakua. Tatizo ni kwamba mtu anayehitaji fedha ya kwenda kununua mzigo alfajiri hasomi hodi. Anabonyeza, anabonyeza tena, mpaka afike mahali pa kuandika kiasi. Na programu nyingi za aina hii zimetengenezwa hivi kwamba ukikataa hodi moja, hazikupeleki mbele.

Ukisharuhusu majina, kitabu chote cha namba kinanakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta za mkopeshaji, popote zilipo. Ni kazi ya sekunde chache. Hapa ndipo wengi hujidanganya: wanaifuta programu wakidhani wamefunga mlango. Ukiifuta, unazuia isichukue vipya. Nakala iliyokwishaondoka haifuti kitu.

Ujumbe mfupi ndio unaotutisha zaidi, ingawa watu huuogopa kidogo. Fikiria kilichomo kwenye simu ya Mtanzania wa kawaida. Kila muamala wa M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine unaleta ujumbe wenye kiasi, jina la aliyetuma na salio lililobaki. Ukinunua umeme, namba za LUKU zinakuja kwa ujumbe. Ukiweka mkeka, ujumbe. Ada ya shule, ujumbe. Mtu akizisoma jumbe za miezi sita anakujua kuliko jirani mliyepakana ukuta. Anajua siku unayopata fedha, anajua siku unayokwama, na anajua ni nani huwa unamkimbilia ukikwama. Huyo wa mwisho ndiye atakayetumiwa ujumbe wa kwanza.

Google wenyewe waliliona hilo. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023 kanuni za duka lao la programu zinakataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha za mteja. Ni hatua nzuri, lakini ina tundu kubwa: inahusu programu zilizo dukani. Ya mama wa Mafiga haikutoka dukani. Ilikuja kama faili kwa linki ya WhatsApp, na simu ikamuonya kwamba chanzo chake hakijulikani, naye akabonyeza kuendelea. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo ili apate gemu au programu ya kupakua video? Mpwa wa mmoja wetu, kijana wa kidato cha pili, ana gemu tatu alizozipata kwa njia hiyohiyo, na moja kati yake inataka kusoma ujumbe mfupi. Gemu la mpira linataka nini kwenye jumbe za baba yake?

Hapa huwa tunasikia jibu moja, hasa kutoka kwa wanaume wanaopiga simu studioni: aliruhusu mwenyewe, alikopa mwenyewe, alipe. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hatukubaliani nalo, na si kwa huruma tu.

Neno mafiga, kwa wasikilizaji wetu wachanga wanaopikia gesi, ni yale mawe matatu ya jikoni. Mkopo wa kiungwana nao husimama juu ya watu watatu: anayekopa, anayekopesha na anayedhamini. Kwenye VICOBA mdhamini anakaa pale kwenye mkeka, anasikia kiasi, anakubali mbele ya watu. Akikataa, hakuna mkopo. Programu hizi zinaokota jiwe la tatu bila kuliuliza. Jina lako kuwa kwenye simu ya mtu hakukufanyi mdhamini wake. Udhamini ni makubaliano, na fundi mitambo wetu hakukubaliana na yeyote.

Na hata tukisema mama aliruhusu namba yake isomwe, aliwezaje kuruhusu ya mwalimu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali, linalojulikana, na zisitumike kwa jambo jingine. Namba ya mwalimu ni taarifa ya mwalimu. Yeye hakuombwa, hakuelezwa, na hakupata senti kwenye mkopo huo. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024, na mtu yeyote anayeona taarifa zake zimetumiwa isivyo halali anaweza kupeleka malalamiko huko. Tunasisitiza neno yeyote. Si mkopaji peke yake. Mama mkwe wa Matombo naye ana haki ya kulalamika.

Ule ujumbe wa kumwita mtu tapeli mbele ya ukoo mzima una sheria yake pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia mawasiliano ya kielektroniki kumtisha, kumshurutisha au kumsumbua mtu. Deni halimpi mkopeshaji ruhusa ya kufanya hivyo. Anayedai ana mahakama.

Benki Kuu nayo haikukaa kimya. Agosti 2024 ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili, wenye masharti kuhusu uwazi wa gharama, faragha ya wateja na namna ya kudai. Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila kibali. Tulisoma tangazo lile hewani. Maoni yetu, na tunayasema kwa heshima, ni kwamba orodha ya majina inasaidia kwa muda mfupi tu. Programu iliyotajwa Jumatatu inaweza kurudi Ijumaa ikiwa na jina jipya, rangi mpya na linki mpya, kwa sababu kutengeneza jina hakugharimu kitu. Orodha yenye maana zaidi kwa mtu wa sokoni ni ile ya walio na leseni, ambayo ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Lakini nani anafungua tovuti akiwa na kabichi za kupanga? Orodha hiyo ingebandikwa ofisi za kata, masokoni na stendi ya Msamvu, kwa herufi kubwa, ingefanya kazi kuliko matangazo kumi ya mtandaoni.

Majirani zetu Kenya walitangulia kuumwa na nyoka huyu, na wakatangulia kushika fimbo. Sheria yao ya kulinda data ni ya mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu yao kwa wakopeshaji wa kidijitali ni za Machi 2022. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wengine kutuma jumbe za vitisho. Soma tena: waliolindwa ni watu waliopatikana kwenye simu za wengine. Tungependa kusikia uamuzi wa namna hiyo ukisomwa hapa nyumbani, na kiasi chake kitajwe.

Hatusemi mikopo ya simu yote ni mibaya. M-Pawa ipo tangu mwaka 2014, Songesha inawavusha watu kila siku, na hakuna aliyepigiwa mama mkwe wake. Kampuni ya simu inaona historia ya miamala yako kwenye mfumo wake, hivyo haihitaji kupekua majina ili ikukadirie. Hilo nalo ni jambo la kujiuliza siku nyingine, maana kujulikana sana ni kujulikana sana, hata na mwenye adabu.

Kama programu ya mkopo imo kwenye simu yako sasa hivi, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya programu, ichague, kisha tazama ruhusa ilizonazo. Majina, ujumbe, picha na mahali ulipo, ondoa zote. Fanya hivyo kabla ya kuifuta. Kama umetumiwa ujumbe kuhusu deni la mtu mwingine, usiufute kwa hasira. Piga picha ya kioo, ionekane namba na saa, kwa sababu bila hiyo utakuwa na hadithi tu mbele ya polisi au Tume. Usimjibu aliyetuma na usimtumie fedha. Na ukipata jumbe za kitapeli, kama zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", zipeleke namba 15040. Namba *106# nayo itakuonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tulipoijaribu hapa studioni, mmoja wetu alikuta laini asiyoifahamu.

Mama wa Mafiga alilipa. Alichukua kwenye fungu la VICOBA, mwenyekiti akiwa ameshasoma ule ujumbe na akamtetea mbele ya wenzake. Mwalimu hakusema kitu. Mama mkwe alikuja na basi kutoka Matombo kuhakikisha kwamba mkwewe yuko mzima, akakaa siku tatu, wakasameheana.

Mteja wa kabichi wa Dar es Salaam hajapiga simu tangu siku ile. Mama alimpigia mara mbili, simu ikaita mpaka ikakatika. Tulipoondoka alituuliza kama redio inaweza kumtangazia kwamba deni limelipwa. Tukamuuliza kama anataka jina lake litajwe tena hewani. Akafikiri, akasema tuache.