Vua Viatu Kwanza

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Diabetic Medicine lilichapisha taarifa kutoka Dar es Salaam ambayo mtu akishaisoma haimtoki kichwani. Dk. Zulfiqarali Abbas, bingwa wa kisukari, pamoja na wenzake Janet Lutale na Lennox Archibald, waliandika habari za wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Hawakuamka. Kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa ya fahamu ya nyayo na vidole, na mguu uliokufa ganzi hauna namna ya kumwamsha mwenyewe. Panya hutafuna ncha ya kidole au kisigino, na mwenye mguu huja kujua kwa macho, kukishakucha. Hata hapo hatari inakuwa ndiyo kwanza imeanza, kwa kuwa kidonda kisichouma hakimtishi mtu. Atakifunga kitambaa, atavaa kandambili, ataendelea na shughuli zake huku vijidudu vikipenya hadi kwenye mfupa. Anapofika hospitali, mara nyingi kinachojadiliwa ni mguu ukatiwe wapi.

Taarifa ile inasumbua zaidi ukiisoma pamoja na kazi nyingine za Dk. Abbas, ambaye kwa miaka mingi ameshikilia hoja moja: miguu mingi inayokatwa Tanzania ingeweza kubaki. Mwaka 2002 yeye na wenzake walieleza yaliyowapata wagonjwa 92 wa kisukari wenye vidonda vya miguu jijini Dar es Salaam. Katika kundi la wenye vidonda vibaya kabisa ambao hawakufanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu walifia hospitalini. Miaka miwili baadaye, utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ujerumani, India na Tanzania ulionyesha tofauti kubwa. Kwa Wajerumani, waliokuwa na umri mkubwa zaidi, kuziba kwa mishipa ya damu kulichangia sana vidonda. Kwa Watanzania tatizo kuu lilikuwa ganzi. Tofauti hiyo ina uzito wake, maana mguu uliokosa damu huhitaji mpasuaji wa mishipa na mitambo ya gharama, lakini mguu wenye ganzi tu huhitaji kwanza mtu wa kuutazama.

Na kuutazama ni kazi yenye hatua zinazojulikana. Mgonjwa anavua viatu na soksi. Muuguzi anapitisha macho katikati ya vidole, penye unyevu na fangasi, kisha kwenye kucha zilizojikunja na visigino vilivyopasuka. Anapapasa mapigo ya damu juu ya unyayo. Anamwambia mgonjwa afumbe macho, halafu anabonyeza sehemu kadhaa za unyayo kwa uzi wa nailoni uliotengenezwa ujipinde ukifikia nguvu ya gramu 10. Asiyeuhisi tayari yumo hatarini. Mwisho anaingiza mkono ndani ya kiatu chenyewe, kwa sababu mtu mwenye ganzi anaweza kutembea siku nzima juu ya kokoto au ncha ya msumari bila habari. Hata uzi ukikosekana, kazi haisimami. Daktari Gerry Rayman wa Ipswich, Uingereza, na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kugusa kwa wepesi ncha za vidole vya miguu, kwa sekunde moja au mbili, na kumuuliza mgonjwa kama amehisi, kunawabaini wengi walio hatarini. Kipimo hicho hakina bei.

Hapa ndipo suala la vyeti vya ubora wa vituo vya afya linapoingia: je, vinaihesabu kazi hii nyepesi? Tanzania haikukaa kimya juu ya ubora. Tangu mwaka wa fedha wa 2015/16 Serikali imekuwa ikipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na awamu ya kwanza ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya vituo havikustahili hata nyota moja. Ulikuwa ujasiri wa kupongezwa. Hospitali kadhaa binafsi na za mashirika ya dini nazo zimeingia katika mpango wa kupima ubora uitwao SafeCare, na zipo chache zenye ithibati ya kimataifa. Lakini nyota hupewa kituo kizima, kwa kuangalia uongozi, watumishi, majengo, kinga ya maambukizi, tiba na mengineyo kwa pamoja. Kituo kinaweza kupanda nyota kwa haki kabisa, huku wagonjwa wake wa kisukari wakipimwa sukari, wakipewa dawa na kurudi nyumbani bila mtu yeyote kuona vidole vyao. Mkaguzi ataukuta mwongozo ukutani na glukometa mezani, lakini kitendo kilichokosekana hakiachi alama.

Wajerumani walilijibu swali la namna ya kukikagua kitendo hicho kwa njia ninayoamini inatufaa. Chama chao cha kisukari hutoa cheti cha pekee kwa kliniki za miguu, na sharti lake kuu linahusu watu. Kliniki inaandikisha wagonjwa 30 wanaofuatana, bila kuchagua, na baada ya miezi sita inatoa hesabu ya kila mmoja: kidonda kimepona, bado kipo, mguu umekatwa, au mgonjwa amefariki. Aidha, watumishi wa kliniki moja huenda kutazama kazi ya wenzao katika nyingine. Kati ya wagonjwa zaidi ya 18,000 waliohesabiwa kwa mpango huo kati ya 2005 na 2012, waliokatwa mguu juu ya kifundo walikuwa asilimia 3 hivi. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba cheti ndicho kilichookoa miguu, kwani huenda kliniki zilizojitokeza kuomba zilikuwa hodari tangu mwanzo. Inachothibitisha ni kwamba hesabu yenyewe inawezekana. Na si jambo la mbali nasi: Stephan Morbach, daktari wa mji wa Soest aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo Ujerumani, aliandika pamoja na Dk. Abbas tafiti zile mbili za 2002 na 2004.

Atakayepinga atasema Ujerumani ina pesa na kwetu wauguzi hawatoshi. Uhaba upo, na anayeudharau hajaiona foleni ya kliniki ya kisukari asubuhi. Hata hivyo, utajiri peke yake hauvui mtu viatu. Ukaguzi wa kitaifa wa wagonjwa wa kisukari waliolazwa Uingereza, ulioanza mwaka 2010, ulikuta mara kwa mara kuwa chini ya nusu yao walitazamwa miguu ndani ya saa 24 za kwanza. Kwetu, mradi wa mafunzo ya kutunza miguu uitwao Hatua kwa Hatua, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dk. Abbas akiwa miongoni mwa waasisi wake, ulifundisha daktari na muuguzi wakiwa wawili wawili, ukawarudisha katika vituo vyao wakiwa na vifaa vya kazi, kisha ukawaita tena kwa mafunzo ya juu zaidi. Ujuzi huo ulifika mikoani. Kumfuatilia mgonjwa kwa miezi kadhaa nako si jambo geni: kliniki za matunzo ya watu wenye virusi vya ukimwi zimefanya hivyo kwa miaka, kwa kadi, daftari na simu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hospitali inayopimwa kwa idadi ya miguu iliyokatwa inaweza kuanza kuwakimbia wagonjwa wenye miguu iliyoharibika sana, au kuchelewesha upasuaji ili hesabu ipendeze. Vifo vile vya utafiti wa 2002 vinatuonya kwamba kuchelewa huko huua. Ndiyo maana kifo lazima kihesabiwe kando ya kukatwa, na wagonjwa waandikwe kwa mfululizo bila kurukwa. Hata hapo yanabaki maswali ambayo cheti hakiyajibu. Hospitali ipewe alama gani kwa mguu ulioumia katika chumba cha kupanga chenye panya, ambako mgonjwa analala sakafuni? Nani atalipia viatu vya mtu aliyekwisha kujulikana kuwa ana ganzi? Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na kila mwaka maswali haya yanawangoja watu wengi zaidi.

Wizara ya Afya isisubiri majibu yote ndipo ianze. Iongeze katika ukaguzi wake mambo mawili tu: ni wagonjwa wangapi wa kisukari waliotazamwa miguu mwaka huu, na wale waliokuja na vidonda wako katika hali gani baada ya miezi sita. Nawe msomaji mwenye kisukari, siku ya kliniki vaa viatu vinavyovulika upesi, uvivue kabla hujaambiwa, na usitoke chumbani hadi miguu yako iwe imetazamwa.