Walionusurika Auschwitz wakaificha namba

Wayahudi wapatao 140,000 walionusurika mauaji ya Wanazi waliingia Marekani kati ya mwaka 1945 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walipata kazi, wakaoa na kuolewa, wakajenga nyumba. Lakini wengi wao hawakuwaambia majirani, na hata watoto wao, waliyoyapitia.

Waliotoka kambi ya Auschwitz, nchini Poland, walikuwa na alama ngumu kuficha. Huko wafungwa walichanjwa namba, wengi kwenye mkono wa kushoto. Baada ya vita wapo waliovaa mikono mirefu hata wakati wa joto, wapo waliokwenda kwa daktari kuiondoa, na wapo waliowaambia watoto kuwa ni namba ya simu.

Kwa nini wafiche, ilhali hawakutenda kosa? Aliyewindwa kwa sababu ya asili yake haamini upesi kwamba msako umekwisha. Tena, waliojaribu kusimulia mara nyingi waliambiwa wasahau ya nyuma. Kimya hicho kilianza kuvunjika mwaka 1961, manusura walipotoa ushahidi hadharani mjini Jerusalem katika kesi ya Adolf Eichmann.

Wengine waliificha hata asili yenyewe. Wasomaji wetu watamkumbuka Madeleine Albright, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani aliyefika Nairobi na Dar es Salaam baada ya balozi za nchi yake kulipuliwa Agosti 1998. Wazazi wake walikimbia Czechoslovakia mwaka 1939, na mwaka 1941 wakabatizwa Wakatoliki wakiwa Uingereza. Mwaka 1997 gazeti la Washington Post lilifichua kuwa watatu kati ya babu na bibi zake walikufa katika mauaji hayo. Wakati huo baba na mama yake walikwishafariki. Hakuwa na wa kumuuliza.

Sisi hatuthubutu kuwahukumu wazazi hao. Hata miongoni mwetu tulio ughaibuni wamo waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo ambao majirani zao hawajui walichokiona. Kunyamaza ni haki yao. Tunachoomba ni kimoja tu: majina ya waliobaki nyuma yaandikwe mahali, hata kama bahasha itafunguliwa baadaye. Iko siku mtoto atauliza.