Mistari Minne, na Bado Hakuna Kitu

Jioni moja tulikuwa tumeketi Nguba, hapa Bukavu, kwenye mteremko unaoangalia ng'ambo. Ziwa Kivu lilikuwa limetulia na taa za upande wa Rwanda zilikuwa zimeanza kuwaka. Mdogo wangu aliinua simu juu ya kichwa, kama anayemwonyesha kitu mtu aliyesimama kule.

"Yaya, ona. Rezo imejaa, mistari yote minne, lakini video haifunguki. Simu inadanganya?"

Simu haikudanganya. Ilisema jambo moja, yeye akasikia jingine. Ile mistari inaeleza tu kwamba simu inausikia mnara vizuri. Kuhusu safari inayoanza baada ya mnara, haisemi lolote. Ukikaa karibu na bandari, haina maana kwamba boti ya Goma iko tayari kuondoka.

Tukageuka, tukautazama mnara uliokuwa juu ya kilima nyuma yetu. Nanyi mkipita karibu na mnara wowote mjini, simameni muutazame vizuri, maana watu wengi wanaupita kila siku bila kuuona. Juu kabisa utakuta masanduku membamba, marefu, yamesimama wima na kila moja limeelekea upande wake. Hayo ndiyo yanayoongea na simu zetu. Chini yake kidogo utaona vitu vya duara, vimefungwa mbele kwa ngozi nyeupe, utadhani ngoma zimetundikwa ukutani. Ngoma hizo haziongei na simu ya mtu hata mmoja. Zinaongea na mnara mwingine, ulio mbali, nao unapeleka habari mbele. Huko chini, ndani ya uzio, kuna betri na mara nyingi jenereta inayonguruma, kwa sababu umeme wa mji ukikatika mnara hauruhusiwi kulala.

Kati ya simu na masanduku yale hakuna waya. Kuna mawimbi ya redio. Simu yako ni redio ndogo inayosikia na kusema. Kama inatumia mawimbi ya megahezi 900, wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi, yaani rula yako ya shule na vidole viwili juu yake. Mawimbi milioni 900 ya namna hiyo yanapita kwa sekunde moja. Na nguvu yenyewe ni ndogo mno: kwenye 4G, simu inapaza sauti kwa wati 0.2 tu, hata balbu ndogo ya tochi inakula zaidi. Mnara ukiwa karibu, simu inanong'ona. Ukiwa mbali au umefichwa na kilima, simu inalazimika kupiga kelele, na ndiyo maana betri inaisha haraka ukiwa mahali penye rezo mbaya.

Na Bukavu vilima havikosekani! Mawimbi haya yanapenda kwenda moja kwa moja. Ukuta wa mbao yanapita, kilima cha udongo hayapiti. Lakini juu ya maji hakuna cha kuyazuia, kwa hiyo mnara wa Rwanda unaweza kusikika hapa Nguba vizuri kuliko mnara wetu wenyewe uliojificha nyuma ya mlima. Wimbi halijui mpaka. Mto Ruzizi linauvuka bila karatasi.

Simu ndiyo inayojua. Kila mnara unatangaza namba ya nchi yake muda wote: 630 kwa Kongo, 635 kwa Rwanda. SIM yako nayo inabeba namba ya kwao. Simu ikisikia 635 na SIM ni ya 630, inajua iko ugenini, na ukiwa umeiruhusu, itaingia kama mgeni, na mgeni hulipa bei ya mgeni. Mimi niliponunua simu yangu ya kwanza ya kugusa niliacha pale pameandikwa "itinérance" pakiwa wazi. Nililala na unite za dola tano, nikaamka na sifuri, na sikuwa nimetoka kitandani.

Kabla mnara haujakupokea, wewe mwenyeji au mgeni, kuna kitendawili. Kampuni inatega: inaitumia SIM namba ndefu isiyotabirika. Ndani ya kile kichipu kidogo kuna siri iliyofungiwa humo tangu kilipotengenezwa. SIM inachanganya namba ile na siri, inapata jibu, inalirudisha. Kampuni, ambayo ina nakala ya siri hiyo, inafanya hesabu ileile upande wake. Majibu yakifanana, karibu ndani. Uzuri wake ni kwamba siri yenyewe haisafiri hewani hata mara moja, kwa hiyo mwizi anayesikiliza njiani anaambulia swali na jibu tu, na kesho swali litakuwa jingine. Baada ya hapo ndipo kompyuta inapotazama kama una mega.

"Sasa hiyo video inapita vipi hewani?" mdogo wangu akauliza. "Nzima nzima?"

Nikamkumbusha siku jirani yetu alipohamisha nyumba yake ya mbao. Nyumba haibebwi kichwani. Waliibomoa taratibu, wakaandika namba kwa chaki kwenye kila ubao na kila bati, vijana wakabeba. Wengine walipitia barabarani, wengine wakakata njia ya mkato kwenye ngazi za udongo, na ubao wa kumi ukafika kabla ya ubao wa tatu. Hakuna aliyejali. Namba zilikuwepo, nyumba ikasimama upya. Intaneti inafanya hivyohivyo. Picha ya mega moja inakatwa vipande karibu 700. Kila kimoja kina namba yake na anwani ya kinakokwenda. Kimoja kikipotea, simu inaagiza hicho tu, si picha yote.

Ile herufi iliyo pembeni mwa mistari, E au H au 4G, inakuambia mlango una upana gani. E ni mlango wa kupita mtu mmoja mmoja. Na mlango ni wa mtaa mzima: saa moja jioni, kila mtu amerudi nyumbani na ameshika simu, hata 4G inageuka kuwa foleni.

Kutoka kwenye ngoma za mnara, vipande vinaruka kutoka kilima hadi kilima mpaka vinapokutana na nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ambamo habari inasafiri kama mwanga. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Mombasa, kama ndege anavyoruka, ni kama kilomita 1,200, kwa hiyo mwanga ungehitaji sehemu sita tu za elfu za sekunde. Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi pwani ile Julai 2009. Upande wa pili, Kongo yetu ilipata waya wake wa baharini huko Muanda, na ukazinduliwa mwaka 2013, lakini Muanda iko mbali nasi kuliko Mombasa. Kabla ya nyaya hizo ilibidi karibu kila kitu kipande hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu na kushuka tena. Watanzania waya mkubwa kama huo wanauita mkongo. Mdogo wangu alicheka sana.

Mimi jambo hili la mistari nililielewa mwanzoni mwa 2019. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, na kesho yake serikali ikaamuru intaneti ifungwe nchi nzima. Minara haikuzimwa. Ilisimama palepale, mistari imejaa, na ukimpigia mtu anapokea. Kilichofungwa ni lango la mbele, kule vipande vinakotokea kwenda duniani. Kitendawili kilijibiwa, mega zilikuwepo, barabara haikuwepo. Watu wa Bukavu na Goma wakaanza kusogea mpakani, mwenye SIM ya Rwanda akawa tajiri wa mtaa, na vijana walisimama wakiwa wameelekeza simu zao ng'ambo, kama alivyofanya mdogo wangu jioni ile.

Ilichukua karibu siku 20. Lango lilipofunguliwa, simu yangu ilitetemeka mezani mpaka ikaanza kutembea. WhatsApp hutunza ujumbe usiofika kwenye kompyuta zake kwa siku 30, kwa hiyo vipande vyote vilikuwa vimelala huko, vinangoja. Binamu yangu aliyeko Ubelgiji aliingia kwa mpigo mmoja: heri ya mwaka mpya, kisha mbona hujibu, kisha umenikasirikia?, kisha picha ya theluji mbele ya mlango wake, ambayo kwa wakati huo bila shaka ilikuwa imekwisha kuyeyuka.