Mto Mirongo na Pimbi wa Saanane

Mto Mirongo, unaokatiza Jiji la Mwanza na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, hubeba chupa za plastiki pamoja na majitaka yenye virutubisho, yaani chumvichumvi zinazolisha mimea, ambavyo hustawisha gugumaji, mmea ueleao juu ya maji na kuziba mialo ya wavuvi. Mtoto anayeuvuka mto huo kila siku akienda shule huuzoea kama mtaro tu, na si kosa lake. Lakini Kisiwa cha Saanane katika ziwa hilo, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kiko mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na akifika huko mtoto huyo humkuta pimbi akiota jua juu ya jabali, ziwa lilelile likipiga mawimbi chini yake.