Boma la Mwili

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mkulima mwenye ng'ombe wa gredi ajua kazi ya boma. Huchimba mashimo, husimamisha nguzo, hufunga seng'enge, na kila asubuhi hutazama kama pana mahali palipolegea. Tena huwapeleka ng'ombe joshoni, na siku ya chanjo ikitangazwa hufika mapema. Lakini mkulima huyo huyo akichomwa na msumari mguuni, mara nyingi hufuta damu kwa udongo akaendelea kupalilia.

Ndugu mkulima, leo tuutazame mwili wako kama tutazamavyo boma. Ua wake ni nini? Walinzi wake ni nani? Na ni adui gani awezaye kupita bila walinzi hao kumtambua?

UA WA KWANZA

Vijidudu vya maradhi ni vidogo mno, havionekani ila kwa hadubini. Vimo udongoni, majini, katika samadi na juu ya mikono yetu. Kizuizi cha kwanza ni ngozi. Ngozi nzima, isiyo na mchubuko, ni ua ambao vijidudu vingi haviwezi kuuvuka.

Penye milango pana walinzi. Machozi husafisha macho, na ndani yake mna kitu kinachoua baadhi ya vijidudu. Kamasi hunasa vumbi puani. Tumboni mna maji makali ya asidi ambayo huua vingi katika vijidudu tunavyomeza pamoja na chakula.

UA UKIKATIKA

Panga likiteleza, ua umekatika. Damu huanza kuganda mara moja ili kuziba pengo. Baadaye mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Wengi hudhani kwamba uvimbe ule ndio ugonjwa wenyewe. Sivyo. Mara nyingi ni alama ya kuwa walinzi wamefika. Mishipa midogo imepanuka ili damu nyingi ifike, nayo damu hiyo yachukua askari waitwao chembe nyeupe. Katika kitone cha damu chenye milimita moja kila upande, mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kama 4,000 hadi 11,000. Baadhi yake huvizunguka vijidudu na kuvimeza.

Kazi hiyo ilitambuliwa na mtaalamu wa Urusi, Elie Metchnikoff. Mwaka wa 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma mwiba katika mtoto wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini ambaye akiwa mchanga mwili wake huonekana mpaka ndani kama kioo. Kesho yake aliona chembe zimeuzingira mwiba ule pande zote. Mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Sasa twaweza kufahamu mambo tuliyoyaona tangu utotoni. Usaha ni mchanganyiko wa chembe nyeupe zilizokufa vitani na vijidudu zilivyopigana navyo. Mwenye kidonda mguuni hupata mtoki kinenani kwa sababu pale pana tezi, nazo tezi ni vituo ambamo askari hao hukusanyika kumzuia adui asiendelee mbele. Na homa ni joto ambalo mwili wenyewe hulipandisha, kwa kuwa vijidudu vingi havistawi katika joto kubwa. Hata hivyo, homa kali au uvimbe unaozidi kuenea ni habari ya kuwa walinzi wameelemewa. Hapo usingoje, nenda kwenye zahanati.

DAMU HAISAHAU

Chembe nyingine nyeupe hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili hufaa adui mmoja, kama ufunguo ufaavyo kufuli yake. Adui akiwa mgeni, kuzitengeneza huchukua siku nyingi, na mtu huugua katika siku hizo. Lakini mwili hukumbuka. Adui yule yule akirudi, silaha hutoka upesi kabla hajapata nguvu. Ndiyo sababu mtoto aliyeugua surua akapona huwa haugui tena.

Wafugaji waliyajua haya zamani: ng'ombe aliyenusurika sotoka hakushikwa tena. Chanjo hutumia kumbukumbu hiyo hiyo. Mwili huonyeshwa adui aliyedhoofishwa, ukajifunza bila kuugua. Chanjo ya sotoka iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, hapa kwetu Kenya, ilisaidia sana katika vita vile, na mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

ADUI ASIYEFUNDISHA

Sasa tufike kwa adui ambaye kila mkulima yampasa amjue, yaani pepopunda. Mbegu zake hukaa katika matumbo ya ng'ombe, farasi na wanyama wengine, hutoka na mavi yao, zikaishi udongoni miaka mingi. Zina maganda magumu, hata maji ya kuchemka kwa muda mfupi hayaziui. Hupenda mahali pasipo hewa. Kwa hiyo tundu la msumari, jembe-uma au mwiba, ambalo juu laonekana dogo lakini ni refu kwenda chini, lina hatari kubwa.

Mara nyingi ugonjwa huonekana baada ya siku 3 hadi 21, pengine wakati kidonda kimekwisha kusahauliwa. Taya hukaza, shingo hukakamaa, mgongo hupindika kama upinde. Wengi hufa.

Hapa ndipo kanuni ya kumbukumbu inaposhindwa. Kinachoua ni sumu ya vijidudu hivyo, nayo ni kali mno hata kiasi kidogo sana chatosha kumwua mtu. Kiasi hicho ni kidogo mno kuufundisha mwili. Kwa hiyo hata aliyeugua pepopunda akapona hana kinga, aweza kuugua tena. Asijidanganye mtu kwa kusema, "Nimelima miaka 30, udongo umenizoea." Udongo hauzoeshi mwili pepopunda. Kinachofundisha ni sindano peke yake, yenye sumu iliyoondolewa ukali. Tena somo hilo hufifia kwa miaka, hapana budi likumbushwe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kila jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake udongo, samadi, majivu wala mafuta ya taa.

2. Ukichomwa na kitu kirefu au kichafu, nenda kwenye zahanati siku ile ile, hata kama huumwi. Mweleze mganga mwaka uliodungwa sindano ya mwisho ya pepopunda.

3. Mama mja mzito asikose sindano yake. Kingamwili zake humpitia mtoto tumboni na kumlinda siku za kwanza za maisha yake. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, safi, wala kisipakwe mavi ya ng'ombe kamwe.

4. Watoto wapelekwe wakiwa na umri wa majuma 6, 10 na 14. Sindano ya pepopunda imo katika chanjo zao.

5. Vaa viatu vigumu unapobeba samadi au kuvunja zizi la zamani.

Katika daftari la shamba unaandika tarehe ya josho na ya chanjo ya ng'ombe. Geuza ukurasa, uandike majina ya watu wote wa nyumbani mwako, na mbele ya kila jina mwaka wa sindano yake ya mwisho. Jina lisilo na mwaka ndilo la kupeleka kwenye zahanati juma hili.