Kitabu ao telefoni: tusome kwa chombo gani?

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Piana-Mwanga, karibu na maji ya Luvua, unajua jambo moja ambalo watu wa mbali hawalifahamu: mtu anaweza kulala karibu na mtambo wa umeme, na ndani ya nyumba yake ni giza. Mtambo huo ulijengwa katika miaka ya 1930 na kampuni ya Géomines, ili kutia nguvu mashini za Manono zilizotoa madini ya bati. Mgodi ulihesabiwa kwanza. Nyumba zilikuja nyuma.

Leo kuna ajabu ingine. Udongo wa Manono una lithium mingi sana, na lithium ndiyo inatiwa ndani ya batri za telefoni. Kobalti ya Kolwezi vilevile. Vyombo ambavyo dunia yote inasomea vinatafuta madini ya kwetu. Lakini sisi wenyewe, jioni ikiingia, tunabaki na swali: watoto watasoma kwa chombo gani?

Swali hili si dogo. Mzazi mwenye feza ya kununua kitu kimoja tu hana nafasi ya kukosea mara mbili. Akileta telefoni kubwa, pengine watoto watapata michezo na filamu, lakini ukurasa hata mmoja hawataufungua. Akileta vitabu visivyofaa, vitakaa juu ya kabati mpaka mchwa wavisome wao. Basi tusichague kwa sifa za sokoni. Tuchague kwa kuangalia maisha ya nyumba yetu.

KITABU CHA KARATASI

Kitabu hakiombi umeme, hakiombi mega. Kikianguka, unakiokota na kuendelea. Yaya akikimaliza, mdogo wake anakishika, na jirani anaweza kukiazima.

Kina nguvu ingine tena. Mwaka wa 2018, watafiti wa Hispania na Israeli walikusanya uchunguzi 54 uliofanywa kati ya 2000 na 2017, wenye watu zaidi ya 170,000. Waliona kwamba mtu anayesoma masomo ya kueleza mambo anaelewa vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, hasa kama muda wake ni mfupi. Kwa hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Umeona, mzazi? Kitabu cha hesabu, cha historia, cha sayansi, ukiweza ukitafute cha karatasi. Hadithi inaweza kusomwa popote.

Adui za kitabu tunazijua: mvua, mchwa na mikono yenye mafuta. Kifunike kwa karatasi ngumu, kiweke ndani ya sanduku la chuma, mbali na ukuta wa udongo. Na usisahau taa. Taa ndogo ya jua inafaa kuliko mshumaa, kwa sababu haileti moshi wala haichomi nyumba. Taa nyingi za namna hiyo ziko na tundu la kutilia telefoni moto. Kwa hiyo, pengine kitu cha kwanza cha kununua si kitabu wala telefoni, bali taa.

TELEFONI

Kijana atasema: «Mi niko na telefoni, buku ni ya nini tena?» Usimcheke. Mwaka wa 2014, UNESCO ilitangaza uchunguzi juu ya watu wanaosoma kwa telefoni katika inchi saba, na jirani yetu Uganda ilikuwa moja yao. Watu 62 kwa 100 walisema wanapenda kusoma zaidi tangu waanze kusoma kwa telefoni. Mtu mmoja kati ya watatu alikuwa akiwasomea watoto hadithi kutoka telefoni yake. Tena mama, hata kama walikuwa wachache kuliko wanaume, walisoma dakika nyingi sana kuwapita. Basi telefoni si adui ya kusoma. Adui ni kuitumia bila mpango.

Ujue kwanza aina za vitabu vya telefoni. Aina inayoitwa PDF, iliyoanza mwaka wa 1993, ni kama picha ya ukurasa. Herufi hazihami mahali pake. Kwenye kioo kidogo utasukuma kushoto, utasukuma kuume, mwisho utachoka na kuacha. Aina inayoitwa EPUB, iliyoanza mwaka wa 2007, ni kama maji: maneno yanafuata ukubwa wa kioo. Baba mwenye macho mazito anaweza kukuza herufi apendavyo, na mistari inajipanga yenyewe. Kama unapewa nafasi ya kuchagua, chukua EPUB kwa telefoni ndogo. PDF iache kwa vitabu vyenye michoro na majedwali, hasa kama una kioo kikubwa.

Pili, uliza hivi: kitabu hiki kinafunguka bila rezo? Siku unapofika Manono ao Kalemie, kwenye rezo nzuri, vuta vitabu na uviweke ndani ya kadi ya telefoni. Ukirudi kijijini, vitafunguka hata katikati ya pori. Viko vya bure na vya halali. African Storybook, kazi iliyoanza mwaka wa 2014, ina hadithi za watoto katika Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Wenyewe wanaruhusu kuvuta, kuchapa, hata kutafsiri. Kijana mwenye kujua Kiluba vizuri anaweza kuwageuzia wadogo zake hadithi moja. Mwanafunzi wa sekondari atapata vitabu vya zamani vya Kifaransa kwa Project Gutenberg, kazi iliyoanzishwa mwaka wa 1971.

Tatu, wakati wa kusoma, punguza mwangaza wa kioo na ufunge rezo. Batri itadumu, na ujumbe wa marafiki hautakuvuta shati kila dakika.

CHOMBO CHA KUSOMEA TU

Kuna chombo kingine, kilichofanywa kwa kusoma tu. Kwa Kifaransa kinaitwa liseuse. Kinachojulikana zaidi ni Kindle, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 2007. Maandishi yake yanafanana na wino, hayakuchomi macho, na yanaonekana vizuri hata chini ya jua kali. Kinakula umeme kidogo sana, hasa wakati wa kugeuza ukurasa. Ukikitia moto mara moja kinaweza kudumu majuma.

Je, kinafaa nyumba moja ya kijijini? Mara nyingi hapana. Kioo kikivunjika, nani atakitengeneza? Kinafaa zaidi masomo, ao kikundi cha vijana chenye mtu wa kuvilinda. Shirika la Worldreader lilianza hivyo katika masomo ya Ghana mwaka wa 2010, na nyuma likapeleka vitabu kwa telefoni pia.

Tena uangalie jambo hili. Mwaka wa 2009, Amazon iliondoa vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvinunua, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki. Mwaka wa 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa pale vikaacha kufunguka. Feza zilirudishwa, lakini vitabu vilikwenda. Kitabu kilicho ndani ya sanduku lako, hakuna mtu wa Marekani anayeweza kukiondoa usiku.

KITABU CHA MASIKIO

Tusimsahau nenekulu ambaye hakupata masomo, na baba anayerudi kutoka mgodini na macho yamechoka. Kitabu kilichosomwa kwa sauti kinaweza kukaa ndani ya telefoni, ao ndani ya redio ndogo inayopokea kadi. Nyumba yote inasikia pamoja, huku mama anatwanga sombe. Lakini mtoto anayejifunza herufi apewe pia kitabu mkononi, afuate kwa kidole. Masikio peke yake hayafundishi kusoma.

BASI, TUFANYE NINI?

Ikiwa feza ni kidogo, anza na taa ya jua na kitabu kimoja cha karatasi cha masomo. Ikiwa telefoni iko tayari nyumbani, usinunue ingine: tia vitabu ndani yake. Ikiwa mko familia tano ao sita, kila moja itoe kitabu kimoja, mbadilishane kila mwezi. Mwaka haujaisha, kila nyumba itakuwa imesoma vitabu vyote.

Leo jioni mkikaa pamoja, mzungumze maswali haya matatu:

1. Nyumbani kwetu, nani hasomi, na ni kitu gani kinachomzuia: mwangaza, macho, feza ao uvivu?
2. Ndani ya telefoni yetu kuna kitabu hata kimoja?
3. Saa gani ya jioni tutaiweka kwa kusoma, kila siku, hata dakika 20?

Mkikwisha kuijibu ile ya tatu, chombo cha kununua kitajulikana chenyewe.