Kuoa, Kuolewa na Kirusi

Wenzangu mnaojifunza Kirusi, hebu tuangalie kitenzi kimoja cha Kiingereza: "marry". Kiingereza hakijali anayesemwa ni bwana harusi au bibi harusi. Kirusi kinajali sana. Kwa mwanamume ni zhenitsya, neno lenye mzizi wa zhena, yaani mke. Kwa mwanamke ni vyiti zamuzh, kwa asili "kutoka kwenda nyuma ya mume". Wote wawili kwa pamoja, pozhenitsya. Padri akiwafungisha ndoa kanisani, ni venchat.

Sasa ukitegemea kamusi ya Kiingereza, unabaki na maneno manne na hujui uchukue lipi. Mwanamume akikosea, kasema ameolewa! Kumbe sisi tunayo tayari: kuoa, kuolewa, kuoana, kufungisha ndoa. Tofauti ni kwamba kuolewa ni kutendwa, ila kwa Kirusi mwanamke mwenyewe ndiye anayekwenda.

Mimi nasomea ualimu, na hoja yangu ni hii: kwa nini tumpitishe mwanafunzi kwenye lugha isiyo na tofauti anayoitafuta, ilhali Kiswahili chake kinayo? Tuanzie nyumbani.